Nasafiri na watoto wawili Dar mpaka Njombe bila mama yao, mliowahi nipeni mbinu

#1 Baba Wawili (mleta mada)

Wakuu habari za mchana. Nina watoto wawili, wa kike miaka minne na nusu, wa kiume mwaka mmoja na miezi minane. Wazee wangu wako Njombe, kijijini upande wa Uwemba. Mzee anaitafuta 80 na macho yameanza kumsumbua, kila nikipiga simu anauliza kitu kimoja tu, huyo mjukuu mnamleta lini nimwone kabla sijaanza kumpapasa. Dada mtu alishapelekwa akiwa wa miezi saba, hakumbuki chochote. Huyu mdogo wanamjua kwa vidio kol tu, na hapo kwa bibi mtandao ukikataa wanaona paji la uso basi.

Sasa shule zinafunga Juni, mi nimepata likizo, wife yake imegoma. Tumekaa tumeongea kasema nenda nao. Alivyosema kirahisi vile nikaona kama ananitega lakini ndo hivyo, nimeshawaambia wazee tunakuja, siwezi kurudi nyuma.

Maswali yangu, basi la usiku au la mchana? Dogo kaachishwa ziwa mwezi wa nne, njiani nampa nini? Na dada mtu akipanda hata daladala tu anatapika, pale mlima Kitonga itakuwaje? Gari binafsi sina, msiniambie mambo ya gari.

#2 Mpita Njia

Siti ya mbele hapa. Mwanaume peke yako na watoto wawili masaa 13 😂 konda atajua umewaiba.

#3 Mama Mapacha

Mpita Njia unacheka lakini hilo analosema ni la kweli kabisa. Kaka beba kopi za vyeti vya kuzaliwa, na picha ya familia iwe kwenye simu. Shemeji yangu alisimamishwa stendi na mama mmoja mtu mzima kwa sababu mtoto alikuwa analia "namtaka mama", watu wakajaa dakika mbili tu. Hakuna ubaya, heri watu waulize kuliko wanyamaze, ila uwe na cha kuonyesha.

Mengine ni haya, nakupa kama nilivyokuwa nafanya na mapacha wangu kwenda Songea. Nunua siti mbili, usiwe bahili. Mtoto wa kupakata halipiwi ni kweli, lakini wa miaka minne na nusu ukimpakata na mdogo wake mpaka Njombe utashuka umepinda kama ndizi. Uji wa lishe weka kwenye chupa ya chai, mzito kidogo, utatoka wa moto mpaka mchana. Maziwa njiani achana nayo. Pampasi beba mara mbili ya unazodhani zinatosha. Mifuko ya kutapikia iwe mkononi, sio kwenye begi, sio kwenye buti, MKONONI. Na nguo za kubadili kwa kila mtu, ikiwemo wewe. Hii ya mwisho wanaume mnaisahau, mtoto mmekuja mmembadilisha kapendeza, baba ananuka mpaka Makambako.

#4 Konda Mstaafu

Nimekaa na njia hiyo miaka tisa naomba niseme. Usiku tangu waruhusu tena 2023 watu wengi wanaipenda na watoto kwa sababu wanalala. Ni kweli wanalala. Ila wewe hutalala hata dakika, halafu unashuka Njombe alfajiri mwezi wa sita, ile baridi itawapokea nyie na pampasi imelowa. Mimi kwa watoto wadogo nakwambia mchana.

Siti usikae nyuma ya ekseli ya nyuma, kule kunarusha na kunazungusha, ndo wanakotapika wote. Usikae ya kwanza kabisa nyuma ya kioo pia. Katikati, dirishani, upande ambao jua halipigi. Kutoka Dar asubuhi jua linakuwa nyuma yenu, mchana upande wa kulia kwa mwezi huo maana liko kaskazini, kwa hiyo chagua kushoto. Na mkanda ukimpakata mtoto usimfunge yeye na wewe mkanda mmoja, likipigwa breki ya ghafla wewe ndo unambana yeye. Jifunge wewe kwanza halafu mshike.

Kitonga yenyewe watu wanaikuza tu. Kupanda gari linatambaa, kona zenyewe sio nyingi kihivyo, tatizo ni malori. Likikwama moja katikati mnakaa. Kinachowamaliza watoto ni kule kabla, mmetoka Ruaha Mbuyuni kuna joto kali, wamekula mihogo na soda, ndo mnaingia kwenye mlima na tumbo limejaa. Mtoto ale Mikumi kidogo, Mbuyuni anywe maji tu. Chakula mkifika juu, Ilula.

#5 Baba Wawili (mleta mada)

Konda Mstaafu asante sana mkuu, hii ya jua nisingeiwaza hata nikae mwaka. Mama Mapacha siti mbili nimekata tayari, elfu 45 kila moja, gari la saa 12 asubuhi Mbezi.

#6 Nyakati

Mi nina maoni tofauti na msinishambulie. Watoto wa umri huo hawatakumbuka kitu. Unawatesa njiani masaa kibao, unatumia laki kadhaa, wanaumwa wakirudi, kwa faida ya nani? Si umlete mzee Dar, atibiwe macho huku huku na wajukuu atawaona. Mbona rahisi.

#7 Mama Mapacha

Nyakati mzee wa Kibena wa miaka 78 umtoe kwenye shamba lake la viazi umlete Kimara akae kwenye kochi anaangalia tamthilia za Kituruki? Atakaa siku nne ataanza kuulizia stendi.

#8 Nyakati

Haya nimenyamaza. Lakini macho aangaliwe, mtoto wa jicho unatolewa watu wanaona tena, wasimwache akidhani ni uzee tu.

#9 Sista Zamu

Namuunga mkono Nyakati kwenye hilo la macho. Mimi ni nesi, nimefanya kazi Makete na Njombe, naongezea ya afya.

Kwanza baridi. Njombe iko juu sana, karibu mita 2000, Juni na Julai usiku mnaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Watoto wa Dar hawana hata sweta la maana. Nenda mitumba nunua mavazi ya kuvaa tabaka, fulana mbili nyembamba na sweta ni bora kuliko jaketi moja nene, na soksi, na kofia inayofunika masikio.

Pili, NAOMBA HII USOME MARA MBILI. Usiku bibi kwa upendo wake atawaletea jiko la mkaa chumbani ili wajukuu wapate joto. Likatae. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa sababu ya upepo, mkaa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala haionekani, mnalala hamuamki. Kila msimu wa baridi tunapokea watu. Mtoto aote moto jikoni mpaka usingizi umchukue, halafu jiko linabaki huko huko, chumbani ni blanketi.

Tatu, mtoto akipata homa siku ya tatu ya nne kule, watu watasema ni baridi, ni hali ya hewa imebadilika. Usikubali kirahisi. Nyie mnatoka Dar kwenye mbu, malaria anaweza kuwa kaibeba mwilini kutoka huko huko nyumbani ikaja kulipuka mkiwa Njombe. Apimwe. Beba paracetamol ya maji, kipimo kinaendana na kilo zake sio umri, na ORS pakiti nne tano. Dawa za kuzuia kutapika usimpe mdogo bila kuandikiwa. Na kadi yake ya kliniki iweke kwenye begi, angalia kama chanjo ya pili ya surua ya miezi 18 kaipata.

#10 Baba Wawili (mleta mada)

Sista Zamu dah. Nimeenda kuangalia kadi, ile ya miezi 18 hajapata, na mama yake alikuwa anajua mimi ndo nimempeleka na mi najua yeye ndo kampeleka 😅 kesho asubuhi tunaenda. Na la jiko nimempigia mama nimemwambia, kacheka kasema nyie mlilala na jiko mpaka mnamaliza darasa la saba mbona mko hai. Nikamwambia mama tulilala kwenye nyumba ya nyasi inayopitisha upepo, sasa hivi umepigilia silingibodi na madirisha ya vioo. Kanyamaza kidogo kasema haya.

#11 Mtoto wa Reli

Hivi kwanini hakuna aliyetaja TAZARA? Treni si inapita Makambako, pale Njombe ni kama kilomita 60 tu. Mimi utotoni tulikuwa tunaenda kwa bibi Makambako na treni, mama anachukua behewa la kulala, mnafunga mlango wenu, watoto wanakimbia koridoni, choo kipo, hakuna kuchimba dawa porini. Usiku mnapita mbuga, asubuhi ile Mlimba kwenda Makambako yanaanza mahandaki, tulikuwa tunahesabu kwa kupiga kelele kila giza likiingia. Ile reli yote ina mahandaki 22 na mengi yako kipande hicho. Mpaka leo nikiona giza ghafla nasikia sauti ya marehemu bibi akisema fungeni dirisha.

#12 Konda Mstaafu

Mtoto wa Reli umenikumbusha mbali. Ila treni inatembea siku zake, aulize kwanza ratiba. Kwa mwenye likizo fupi basi ndo jibu.

Baba Wawili una ndugu Iringa au Mafinga? Kama unaye, vunja safari. Lala pale, kesho mnachukua Coaster. Kutoka Iringa ni kama masaa manne. Watu wazima tunapenda kufika siku hiyo hiyo kwa sababu ya sifa tu, wale watoto kuanzia saa 10 jioni hata uwape keki hawakuelewi.

#13 Baba Wawili (mleta mada)

Mkuu dada yangu yuko Iringa! Sijui kwanini sikuwaza. Nimempigia kasema ulikuwa unapita kwangu na watoto bila kushuka? Amenuna kwanza ndo akakubali.

#14 Baba Wawili (mleta mada)

Tupo Mikumi. Napost haraka mtandao unakata. Hadi Moro hakuna shida, dada mtu katapika mara moja tu Chalinze kwenye mfuko, safi kabisa, watu hawakujua. Humu mbugani gari linakwenda polepole na dada mtu kaona tembo watatu na twiga na nyani wamekaa pembeni ya lami kama wanasubiri daladala, kasimama kwenye siti anasalimia tembo SHIKAMOO kwa sauti, gari zima limecheka na mzee mmoja wa nyuma kaitikia marahaba. Dogo kalala mapajani kwangu tangu Mlandizi, miguu yangu siisikii.

#15 Mpita Njia

Hahahaa marahaba! Tunafuatilia mkuu, uzi wa mwaka.

#16 Baba Wawili (mleta mada)

Mbuyuni kwenye mibuyu sasa, joto kama tanuri, dirishani wanauza vitunguu na mihogo, dada mtu analia anataka mihogo nimekaza kama alivyosema Konda. Dogo kaamka, kajaza pampasi ya pili, nimembadilishia kwenye siti gari linatembea, kuna mama wa siti ya pili kanishikia miguu ya mtoto bila hata kuulizwa, kaniuliza tu "mama yao yuko wapi", nikamwambia yuko kazini, akasema "hongera". Sijui alimpongeza nani.

#17 Baba Wawili (mleta mada)

MREJESHO.

Wakuu samahanini nilipotea siku kumi, kule kijijini mtandao uko sehemu moja tu juu ya kichuguu na mi sikuwa na muda wa kupanda kichuguu.

Kitonga kulikuwa na lori limekwama tukakaa kama saa nzima, lakini kwa sababu tumbo halikuwa na kitu dada mtu hakutapika, alilala. Tumelala Iringa kwa shangazi yao, na hiyo ndo akili bora niliyopewa humu ndani, maana kesho yake walipanda Coaster wamechangamka. Makambako tu tukashuka kuvaa masweta. Njombe dada mtu akapumua akaona mvuke, akaniambia baba natoa moshi mdomoni, akaanza kumpulizia kila anayepita stendi.

Sasa kufika nyumbani. Hapa naomba nieleze vizuri maana nyote mmenisaidia njia, hakuna aliyeniambia ya kule.

Mama alikuwa kasimama barabarani sijui tangu saa ngapi. Noah inasimama tu kaja mbio kumchukua dogo mikononi kwangu, dogo kupiga ukunga, ule wa mtu anayetekwa. Mama akarudisha mikono yake nyuma ya kanga. Mimi na akili zangu nikaanza kumlazimisha, nenda kwa bibi, huyu bibi yako, wa kwenye simu, msalimie bibi. Ndo anazidi. Mzee akatoka ndani na koti lake na fimbo, dogo alipoiona fimbo ndo kabisa. Jioni yote hiyo mtoto yuko shingoni kwangu, hata chooni nimeenda naye.

Usiku mama akaniambia kwa sauti ya chini, huyo ametujua kwa uso bila mwili, sasa leo tumeota miili, lazima aogope. Mwache. Sisi hatuendi popote.

Basi kuanzia kesho yake wazee wakawa hata hawamwangalii. Kweli, wanapita kama hayupo. Mama yuko jikoni na dada mtu wanachambua maharage kwenye ungo, mzee kakaa nje juani kwenye kigoda chake anapukuchua mahindi kwa kupapasa, maana macho kweli yamekwisha. Dogo anamwangalia yuko mbali. Siku ya pili akasogea mpaka mti wa parachichi. Siku ya tatu nipo nachanja kuni nikasikia kimya, ile kimya ambayo mzazi ukiisikia unajua kuna kitu, nikageuka nikakuta kaenda kuchukua kiatu cha babu kilichokuwa mlangoni, kimoja, kikubwa kuliko yeye, anakiburuta mpaka kwenye kigoda akakiweka miguuni kwa mzee. Mzee akapapasa akakikuta kiatu, halafu akakuta mkono. Hakusema kitu. Akampa hindi moja apukuchue.

Nimerudi kwenye kuni zangu, moshi ule unaumiza macho sana.

Mengine kwa kifupi. Choo cha shimo dada mtu aligoma kabisa, anasema kuna mtu chini, nikanunua poti Njombe mjini, mliokuwa mnaandika orodha ya vitu mbona poti hamkuitaja! Jiko la mkaa halikuingia chumbani, mama alisimamia mwenyewe na akawaambia na majirani. Dogo alipata mafua basi, homa hakuna. Maziwa ya ng'ombe tulichemsha, parachichi wamekula mpaka wamekuwa wa kijani. Kamwene, ile salamu ya kule, dada mtu kaijua vizuri, anamsalimia nayo hadi mbwa. Na mzee nimempeleka hospitali ya mjini, wamesema ni mtoto wa jicho kweli, jicho la kushoto linafanyika kwanza, wamempangia tarehe mwezi wa nane. Nyakati na Sista Zamu nawashukuru, tungeendelea kuita uzee.

#18 Sista Zamu

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Akishafanyiwa asiiname na asinyanyue vitu vizito wiki za mwanzo, mwambie viazi vitavunwa na wengine.

#19 Nyakati

Nilisema watoto hawatakumbuka. Sawa. Ila hilo la kiatu limeniharibia jioni yangu, nimempigia mzee wangu Tabora.

#20 Mama Mapacha

Poti ni kweli nimekosea, wangu walikuwa hawaogopi wakaniharibia kumbukumbu 😅 Kurudi je? Mmebeba nini? Usiniambie umekubali kuku.

#21 Baba Wawili (mleta mada)

Mama Mapacha wacha tu. Kurudi tulibeba gunia la viazi, sado mbili za maharage, parachichi boksi, na hapo nikasema imetosha. Asubuhi ya kuondoka mzee katoka na jogoo amefungwa miguu, kamkabidhi dada mtu mkononi, kamwambia huyu ni wako. Sio wa kwangu, wa kwake. Ningekataa vipi?

Konda akasema kuku haingii na abiria, akawekwa kwenye buti na kapu lake, mtoto kalia kutoka Njombe mpaka Mafinga akiuliza kama jogoo anapata hewa, kila tukisimama kuchimba dawa inabidi niombe buti lifunguliwe amwone. Dereva mwishowe kasema mleteni huyo jogoo ndani tusafiri kwa amani. Kaja kukaa miguuni kwangu mpaka Mbezi, ndo abiria pekee ambaye hakutapika.

Sasa tuko Kimara, nyumba ya kupanga, wapangaji sita. Jogoo anawika kuanzia saa tisa usiku. Kuchinja haiwezekani, mwenye jogoo kampa jina la babu yake. Wife ananiangalia tu hasemi. Mwenye nyumba kanipa mpaka Jumapili. Kuna mtu humu yuko karibu na Kimara mwenye banda, anitunzie, chakula nitaleta mwenyewe, na Jumamosi mtoto awe anakuja kumsalimia?

#22 Konda Mstaafu

Mi niko Kibamba, banda lipo. Mlete. Ila na viazi kidogo.